Ng'ombe wa Chai ya Kanisa

Mpaka leo mtu akitaja neno uwakili kanisani, mimi huinuka nikatoka nje. Neno lenyewe halina kosa. Nililisikia likitoka kwenye mdomo ambao muda mfupi baadaye ulikuwa unang'aa mafuta ya nyama, na ile nyama nilijua imetoka zizi gani.

Kanisa letu la Kianglikana lilikuwa chini ya kilima cha Mbuya, na juu yetu walikaa wanajeshi. Waganda walikuwa na ibada yao ya Kiluganda. Sisi wa ibada ya Kiswahili tulikuwa mchanganyiko: Wakenya kama mimi, niliyekuwa nafua mashuka katika hoteli moja Nakasero, makarani, wachuuzi, na wake wa askari na polisi waliotoka kaskazini. Kiswahili chetu kilikuwa cha kuungaunga, kila mtu na viraka vyake, lakini tulielewana. Kilichotuunganisha zaidi, niseme ukweli, ni chai baada ya ibada.

Ilikuwa miaka ya wanajeshi, sukari ilishakuwa hadithi. Sabuni unaikata vipande kama keki ya arusi. Lakini kila Jumapili sisi tulikunywa chai ya maziwa, nzito, ya kukatia kiu na njaa pamoja. Hata Waganda wa ibada ya kwanza walianza kuchelewachelewa uani wakijifanya wana maongezi.

Maziwa hayo yalitoka kwa mama mmoja wa kaskazini, mjane wa polisi. Tulimwita mjane ingawa hakuna aliyeona kaburi. Mumewe alikwenda kazini asubuhi moja na kazi ikammeza. Alimwachia ng'ombe mmoja wa rangi ya kahawia mwenye kiraka cheupe ubavuni. Mama huyu aliamka kabla ya jua, akashuka bondeni kukata majani, akayabeba kichwani mpaka nyumbani. Maziwa ya siku sita aliyauza ili watoto wake wale na wasome. Ya Jumapili yalikuwa ya kanisa. Hakuna aliyemwomba. Alisema tu kwamba yeye hana fedha ya kutoa, lakini ng'ombe anaye.

Ijumaa moja askari walikuja na gari dogo la mizigo wakamchukua ng'ombe. Hawakueleza kitu. Ndama wake alibaki amefungwa kwenye mti akilia.

Kesho yake nilikwenda na mjane dukani kwa mzee wa kanisa, yule mkuu wa wazee wote, msimamizi wa mali ya parokia. Alikuwa mfanyabiashara Mganda aliyepata duka wakati Wahindi walipofukuzwa, na tangu hapo tumbo lake lilitangulia kuingia mlangoni. Mjane alimwomba kitu kimoja tu: yeye na kasisi wapande naye hadi kambini, wamwombee ng'ombe wake. Mtu mwenye kanzu ya kanisa huenda angesikilizwa. Mjane peke yake angefukuzwa, au vibaya zaidi.

"Nyabo, vumiria," mzee alimwambia, akimwita mama kwa Kiluganda huku akipanga viberiti ambavyo havikuhitaji kupangwa. "Hii mambo ya jeshi. Sisi tutaomba Mungu tu."

"Ng'ombe bado anaweza kuwa mzima, mzee. Tukienda leo."

"Tutaomba." Kisha akamtazama, nikaona macho yake yanakimbia. "Kesho kuna sherehe. Wewe usiende jikoni. Wewe pamba maua ndani ya kanisa. Mikono yako iko mizuri kwa maua."

Mimi nilidhani anamwonea huruma. Nilimshukuru hata! Nikikumbuka shukrani ile nataka kujitemea mate.

Sherehe yenyewe ilikuwa ya afande mmoja aliyepandishwa cheo. Yeye mwenyewe sijui aliswali wapi, lakini mke wake alikuwa wetu, akataka mumewe aletwe mbele ya madhabahu kushukuru, kama ilivyo desturi. Mwenye kushukuru huleta chakula, akina mama wa kanisa hujitolea kupika, na parokia nzima hula.

Jumapili alfajiri tulifika jikoni kumenya ndizi. Nyuma ya jiko wachinjaji walikuwa wameshamaliza kuchuna. Kichwa hakikuonekana. Ngozi haikuonekana. Nyama ilikuwa imetandazwa juu ya majani ya migomba, bado inafuka mvuke, na mchinjaji alikuwa anakata kiwele. Kisu kilipopita, maziwa yakatoka.

Hayakuwa matone. Yalimwagika, meupe, yakaingia kwenye damu, yakafanya rangi ambayo sijapata kuiona kwenye kitu kingine na sitaki kuiona tena. Inzi walitua. Mchinjaji alijifuta mkono kwenye suruali akaendelea.

"Nani anachinja ng'ombe ya maziwa?" mwanamke mmoja kando yangu aliuliza.

"Nyamaza, wewe," mwingine alimjibu. "Menya ndizi."

Basi tukamenya. Lakini kila mmoja wetu alijua. Niliona kwa jinsi visu vilivyokwenda haraka, na kwa jinsi hakuna aliyeanzisha wimbo, sisi ambao hatukuwahi kumenya ndizi bila wimbo. Nilijifanya nafuata kuni. Nyuma ya rundo la kuni kulikuwa na gunia limefungwa kwa kamba ya mgomba. Nililifungua kidogo. Ile ngozi ilikuwa ya kahawia, na kiraka cheupe kilikuwa pale pale nilipokijua.

Nililifunga tena, nikaenda kanisani. Mjane alikuwa amepiga magoti mbele ya meza ya Bwana, anapanga maua mekundu kwenye mikebe iliyofunikwa karatasi. Nilimwambia. Sikutafuta maneno mazuri kwa sababu hayapo. Aliweka ua lililokuwa mkononi, akalinyoosha lisiiname, akaniuliza swali moja.

"Mzee wa kanisa anajua?"

"Ngozi imefichwa na mtu mwenye funguo za lango la uani, mama."

Funguo alikuwa nazo mzee peke yake; ndiye aliyewafungulia wachinjaji usiku.

Ibada ikaanza. Kanisa lilijaa, maana habari za nyama hazihitaji tangazo. Afande alikaa mbele na sare yake iliyopigwa pasi, mtu mwenye uso wa kawaida tu, akipepea inzi kwa kofia. Sikumchukia yeye sana. Askari alikuwa askari. Siku zile tulishazoea kumwogopa kama tunavyoogopa radi. Aliyenitia kinyaa alikuwa mzee wetu, aliposimama na suti yake akatufundisha uwakili. Kila tulicho nacho si chetu, alisema. Ni cha Mungu, sisi ni watunzaji tu. Tusiwe watu wa kushikilia mali. Tumtazame mgeni wetu alivyotoa kwa moyo mkunjufu! Watu wakapiga makofi, na kasisi akatikisa kichwa kukubali, naye ni mtu aliyekunywa chai ya yule ng'ombe kila Jumapili, vikombe viwili, cha tatu akiombwa.

Nilipogeuka, mjane hakuwepo tena mahali pake.

Chakula kiliandaliwa uani. Afande na mkewe, kasisi na wazee walikaa kwenye meza yenye kitambaa, sisi wengine kwenye mikeka na mabenchi. Nyama haikuwa imeonekana majumbani kwa muda mrefu, na harufu ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Mate yalinijaa mdomoni. Nilipakua lakini sikula. Usidhani ni utakatifu. Nilikuwa nimeyaona yale maziwa, basi.

Wenzangu waliojua walikula. Yule aliyeambiwa anyamaze alikula. Yule aliyemnyamazisha alikula na kufunga nyingine kwenye jani apeleke nyumbani. Mzee alikuwa na mfupa mkononi, anaunyonya mpaka unalia.

Ndipo mjane alipoingia langoni na ndama.

Alikuwa anamvuta kwa kamba, taratibu, kwa sababu ndama alikuwa hana nguvu. Mbavu zilikuwa zinahesabika. Walipokaribia meza, ndama alisimama, akanusa, kisha ghafla akawa ndiye anayevuta. Alimvuta mama yule kupita meza, kupita jiko, mpaka kwenye rundo la kuni. Akaingiza pua kwenye gunia lile na kuanza kulilamba na kulisukuma kwa kichwa, vile ndama anavyosukuma kiwele maziwa yakichelewa.

Vidole vilibaki kwenye sahani.

Afande alicheka kidogo. "Mama, hii ndama nasumbuka nini? Ana njaa. Rudisha yeye kwa mama yake, anyonye."

Mjane aligeuka. Hakupaza sauti.

"Ndiyo nimemleta kwa mama yake, afande."

Kwa maneno machache kuliko hayo watu walikuwa wanatiwa kwenye buti la gari na hawarudi. Mke wa afande aliinamisha kichwa. Yeye afande alitazama gunia, akatazama sahani yake, na nikaona habari ikimfikia polepole. Kama wakati ule kasisi angesimama! Kama mzee angesema neno moja tu, kwamba kweli, afande, vijana wako wamekosea, mama huyu ni mtu wetu. Tulikuwa parokia nzima pale. Alikuwa anangoja, nadhani. Mtu akingoja hivyo unaweza kumwambia kitu.

Mzee alisimama kweli, akifuta mdomo.

"Afande, samahani sana. Huyu mama akiri yake imeruka. Tangu bwana yake apotee, iko hivi tu. Sisi tunamvumiria kanisani." Kisha akatugeukia sisi akina mama. "Ondoeni yeye!"

"Pole sana, mama," afande alisema. Akavuta sahani yake karibu.

Tulimwondoa. Mimi nilishika kamba ya ndama, mwingine akamshika mjane mkono, naye hakupinga. Nyuma yetu nilisikia kasisi akiomba sahani ya pili; si ya kula, ya kufunikia ile ya kwanza, akale nyumbani kwake.

Baadaye watu walisema mzee aliokoa maisha ya mjane kwa kumwita kichaa. Huenda. Ningelimeza hilo kama mzee asingerudi kwake na paja zima la nyuma. Tena afande alipokuwa anaondoka, yeye mzee alimfuata hadi kwenye gari akaomba ruhusa ya ngozi. Ngoma kuu ya kanisa, ile iliyotuita ibadani, ilikuwa imepasuka tangu mvua za kwanza, na ikipigwa ilitoa sauti ya debe. Afande alisema achukue. Kwa hiyo mzee alipata sifa pia, kwamba ameletea kanisa ngoma.

Ndama alikufa kabla ya ngozi ya mama yake kukauka. Watoto wa mjane waliacha shule, mkubwa akaenda kubeba mizigo sokoni.

Ngoma mpya ilikuwa na sauti nzuri. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Jumapili asubuhi ilivuka bonde zima, ikafika hadi kwenye baraza ya mjane, ambako nami nilianza kwenda kukaa badala ya kanisani. Tulikuwa tunachambua maharage mpaka inyamaze. Huko kanisani walikunywa chai ya rangi, na nilisikia mzee amelalamika mbele ya wote kwamba wapo watu walioacha utumishi wao, wanasikia wito wa Bwana na hawaji.

Jumapili moja alikuja mwenyewe, baada ya ibada, na Biblia yake kwapani. Alikaa kwenye kiti alichopewa.

"Nyabo, wewe umeacha kazi ya Mungu," alimwambia. "Watu wananiuriza mimi. Kwani huku ngoma husikii?"

Mjane alikuwa na ungo mapajani. Aliokota jiwe kwenye maharage, akalitupa uani.

"Nasikia, mzee. Mimi ndiye nilikuwa namkatia majani."

Mzee alikohoa. Alitazama mti uliokuwa na kamba bado, akatazama viatu vyake, kisha akanigeukia mimi akauliza kama hakuna chai kidogo.