Unga uliorudi kutoka msibani

Jogoo wa jirani hajamaliza zamu yake, na Nancy Gondwe ameshaingiza mikono yote miwili chini ya mgongo wa mama yake. Anamgeuza taratibu, ubavu wa kulia kwanza, maana ndio ulioshikwa na kiharusi. Simu imebanwa kati ya bega na sikio. Upande wa pili dereva wa lori analalamika: amekwama Lamadi na marobota ya pamba, hajui aende mzani au asubiri.

"Subiri kidogo, kaka yangu. Namwogesha mama," Nancy anamwambia.

Dereva hashangai. Madereva wote wanaobeba pamba ya kiwanda anachofanyia kazi wanamjua mama mgonjwa wa Dada Nancy, na wengine hawapangiwi safari kabla hawajamjulia hali.

Nancy ana miaka thelathini na nane. Ni mzaliwa wa Mzuzu, kaskazini mwa Malawi, na huu ni mwaka wake wa tano Bariadi, mkoani Simiyu, Tanzania. Kazi yake ni kupanga malori katika ofisi ya kiwanda cha kuchambua pamba. Robota likichelewa kufika bandarini, anayeulizwa ni yeye.

"Ukisema unaishi nje ya nchi, watu wanafikiria Ulaya," anasema huku akicheka. "Mimi nje yangu ni Bariadi. Na baridi ya Ulaya siijui, nalijua jua la Simiyu tu!"

Mama yake, Nyamhango, alifika miaka miwili iliyopita baada ya kupooza. Kaka yake Nancy, mtoto mwingine pekee wa mama huyo, anashinda safarini kwa kazi zake, na nyumbani Mzuzu hakukuwa na wa kumwinua mgonjwa. Nancy alimfuata kwa basi, wakavuka mpaka na kulala njiani mara mbili hadi kufika Simiyu. Leo karibu theluthi ya mshahara wake inaishia kwenye nepi za watu wazima, dawa za presha na malipo ya Violeth, binti kutoka Kimali anayeshinda na mgonjwa.

Mkataba wa Nancy unaisha Desemba. Kaka yake ameshasema yake: mkataba uongezwe usiongezwe, mama arudi nyumbani. Na aliposema hivyo kwenye simu, aliongeza swali lililomkaa Nancy kooni kama mwiba wa samaki.

"Aliniuliza, 'Mama akifia huko ugenini, nani atamzika?'" anasimulia. "Nilikata simu. Nikasingizia mtandao."

Ukweli ni kwamba kwa muda mrefu hakuwa na mtu wa kumtaja. Asubuhi ni mama, mchana ni malori, jioni ni mama tena. Ijumaa wenzake wa ofisini wakienda kula nyama choma, yeye aliwaambia kesho. Sherehe ya kumfunda bibi harusi, kesho. Ubatizo wa mtoto wa bosi, kesho. Wakamwita Dada Kesho, naye akaitika. Afanyeje?

Majirani je? Hao aliwasalimia akiwa juu ya bodaboda. "Mwangaluka!" anarusha salamu ya Kisukuma, na kabla hawajaitika vizuri, vumbi limeshawajibu.

Halafu Mzee Bujiku akafariki.

Ilikuwa Julai mwaka jana, pamba imefurika kiwandani. Mzee Bujiku na mkewe, Nyanjige, ni watu wa ukuta mmoja na Nancy. Kikohozi cha mzee alikuwa akikisikia akiwa kitandani kwake. Wiki hiyohiyo Violeth alikuwa ameomba ruhusa kwenda Kimali kumsaidia mama yake kuvuna pamba, na Nancy alikuwa akitoroka ofisini kila baada ya muda kuja kumwangalia mgonjwa.

Akafanya alichoona ni uungwana. Alinunua mfuko mkubwa wa unga wa sembe, akamwita bodaboda, akaupeleka msibani na salamu za pole. Yeye akarudi kwenye malori yake.

Kabla ya saa ya chakula, bodaboda yuleyule akasimama mlangoni pa ofisi. Mfuko uko nyuma, kamba haijaguswa.

"Wamesema unga huu hauna mtu," akamwambia.

Loh! Nancy anakiri kwamba alipandwa na hasira. "Nilisema, hawa watu wana kiburi. Mimi nahangaika na mgonjwa, nawakumbuka, halafu wananirudishia? Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi mezani."

Aliyemkalisha chini ni Deogratias, mhasibu wanayetumia naye chumba kimoja, mwenyeji wa Nyalikungu kule Maswa.

"Dada Nancy, umekosea, na hakuna atakayekwambia isipokuwa mimi," alimwambia. "Unga wa msibani huku unabebwa na mwenye unga. Unaufikisha, unasonga ugali, unalala mkekani na wafiwa. Ukiutuma peke yake, ni kama unawaambia chukueni mle, mniache."

"Na mama yangu nimwache na nani?"

Deogratias alimtazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda nyumbani kwake. "Kwani nani amekwambia umwache?"

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Kwenye msiba wa Msukuma, mkono mtupu unapokelewa na kupewa mwiko. Kinachorudishwa ni mzigo usio na mkono.

Kesho yake Nancy hakwenda kazini. Alimpigia bosi, akasema ana msiba. Akamvalisha mama yake kitenge kizuri, akamweka kwenye kiti cha magurudumu, akampakatisha ule mfuko wa unga, akasukuma. Ni hatua chache tu kutoka mlango hadi mlango, lakini anasema hajawahi kutembea njia ndefu kama ile.

Wanawake waligeuka kumtazama. Mmoja akanong'ona, si kwa sauti ndogo sana, "Mgonjwa naye analetwa msibani?"

Nyanjige alikuwa mkekani, kichwa amekifunga khanga. Alimtazama Nyamhango, akatazama unga, akasogea kidogo. "Mshusheni," akasema.

Nancy akaanza kueleza habari za daktari, kwamba mama hapaswi kukaa chini. Hakuna aliyemsikiliza. Wanawake wanne walimwinua bibi yule na kumweka mkekani kando ya mfiwa. Nyamhango, mjane wa miaka mingi, hajui Kisukuma na Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Akaunyoosha mkono wake wa kushoto, ule mzima, akaushika wa Nyanjige. Kisha akalia.

"Tangu augue mama hakuwahi kulia," Nancy anasema, naye machozi yanamlengalenga. "Nilidhani kiharusi kimeyachukua hata machozi. Kumbe alikosa wa kulia naye."

Yeye mwenyewe alikunja mikono ya blauzi ya ofisini, akaenda jikoni. Kule kwao nako ugali wa msiba hupikwa kwa sufuria kubwa la kutosha kumwogeshea mtoto, na hilo wanawake hawakulitarajia. Aliposhika mwiko wakamwachia nafasi wamcheke, akasonga mpaka jasho likamwingia machoni.

"Hee! Kumbe Dada Kesho anajua ugali!" akapiga kelele Milembe, mkwe wa Nyanjige. Kicheko cha kwanza cha msiba ule kikatokea jikoni.

Simu ililia mara nyingi siku hiyo. Lori moja liliondoka bila karatasi zote na likazuiwa njiani. Bosi alimsema mbele ya wenzake, na nafasi ya kuhamia ofisi kubwa ya Mwanza, aliyoitamani, akapewa mwingine. Nancy hajifanyi kwamba haikumuuma. "Siku nyingine nikichoka bado naiwaza Mwanza," anasema. "Sisemi uongo."

Lakini wiki iliyofuata, alipokuwa akijiandaa kumfungia mama ndani aende kazini, mlango ulibishwa. Ni Nyanjige, na kigoda chake mkononi.

"Nenda kazini, ng'wanone," alimwambia, yaani mwanangu. "Mimi huko ndani kwangu naongea na kuta."

Tangu siku hiyo, hata Violeth aliporudi, kigoda hakikuondoka. Wazee hao wawili hushinda wakichambua maharage, kila mmoja kwa lugha yake, na wanagombana vizuri tu. Mtaani wameshamzoea Nyamhango. Wanasema hata jina lake ni la Kisukuma. Pakitokea msiba, wanawake hupitia kwa Nancy kumchukua bibi hata kama binti yake yuko ofisini. Na Ijumaa moja kwa mwezi, Dada Kesho hula nyama choma na wenzake.

Sasa Nancy ameomba mkataba mpya na ruhusa ya kuanza kazi saa tatu asubuhi. Majibu bado. Akipata, anataka kupanua baraza, kiti cha magurudumu na kigoda vikae pamoja bila kuguswa na jua. Asipopata, anasema atatafuta kazi nyingine hapahapa.

Swali la kaka yake lilibaki. Jioni moja hivi karibuni, akimlisha mama uji, alilisimulia kwa Nyanjige: kwamba kaka anauliza, mama akifia ugenini, nani atamzika.

Nyanjige aliacha maharage. Ilionekana wazi kwamba ameudhika.

"Kwani sisi hapa ni nini?" akauliza. "Mwambie huyo kaka yako siku ikifika aje yeye mwenyewe. Asitume kitu. Unga tunao."