Namba Iko Ukutani, wa Kuipokea Hayupo

Saa tatu asubuhi, ofisi ya afya inanuka wino mpya. Mabunda ya mabango yamepangwa hadi dirishani. Kila bango lina msichana anayetabasamu, namba ya simu na maneno: "Umelemewa? Piga, tunakusikiliza."

Mhasibu wa mfuko wa afya ya akili anasukuma pembeni hati ya malipo ya mabango mengine. Hasaini.

"Mama Kifungu, utatuponza," ofisa ugavi anamwambia, nusu akicheka. "Mwaka wa fedha unafungwa wiki hii. Pesa isipotumika inarudi hazina."

"Irudi, kaka yangu. Haya yenyewe hatuna pa kuyabandika."

Jina hilo amelipata kwa kutotoa hata senti bila kuuliza inatoka kifungu gani cha bajeti. Nyumbani nako hawapumui. "Nikiomba nauli naulizwa kifungu," mumewe analalamika, "na mke ni wangu!"

Safari hii kifungu chenyewe ndicho kinachomtia hasira. Namba ya kwenye mabango ilikuwa ikipokelewa na washauri wanne. Waliopanga bajeti, wamekaa kwenye viyoyozi vyao, wakaiweka huduma hiyo chini ya "Matangazo". Basi fedha za umma zinaruhusiwa kuichapisha namba. Kumlipa anayeipokea, haziruhusiwi. Washauri walivumilia miezi mitano bila posho, kisha wakaondoka mmoja mmoja. Mabango yakaendelea kuchapishwa.

Hebu fikiria. Mtu amechoka kuishi, anakusanya nguvu zilizobaki, anapiga. Simu inaita mpaka inakatika. Tumemwita wenyewe, halafu tumemfungia mlango!

Fundi cherehani wa mtaa wa nyuma anaujua mlango huo. Kifungua mimba wake aliacha kula, akawa anasema haoni haja ya kuendelea kuishi.

"Nilipiga, nikapiga tena," anasimulia, akinyoosha kitambaa ambacho tayari kimenyooka. "Nikadhani nimekosea namba. Nikatoka nje kulitazama bango upya."

Kijana yu hai kwa sababu jirani yao ni muuguzi, akakaa naye, akampeleka hospitali. "Na asiye na jirani je?" fundi anauliza.

Saa tano kamati ya mfuko inaketi. Mhasibu anaomba fedha za mabango zilipe washauri. Mwenyekiti anamjibu kwa upole kwamba utaratibu ni utaratibu.

"Mheshimiwa, naomba uipige hiyo namba."

"Mimi? Mimi sina tatizo."

"Ndiyo vizuri. Wewe unaweza kusubiri."

Anapiga. Simu inalia upande wa pili wa ukuta, katika chumba cha washauri chenye kufuli mlangoni. Inalia, inalia. Mjumbe mmoja anajikuna shingo. Mwingine anafungua kitabu cha kanuni za mfuko.

Kumbe mamlaka ya kuhamisha fedha kamati ilikuwa nayo siku zote! Inapiga kura: walipwe washauri wawili, kwa miezi sita.

"Nusu ya watu, nusu ya mwaka," mhasibu anasema akishuka ngazi, bila kushukuru sana. Tayari anaandaa ombi la bajeti ijayo: washauri wote wanne, na mishahara yao iwe na kifungu chake.

"Watanichoka, najua. Lakini nataka mtu akipiga, asikie walau 'haloo'. Hiyo 'haloo' ndiyo ninayoiombea pesa."