Msonobari Uliogeuzwa Uso

Sumie Kagotani aliunusa mti kabla ya kuugusa, akakunja uso. Msonobari, mti wa jua na upepo, ulinuka sigara kama koti la mlevi.

Mwenye mti, diwani Nakatsuji, alisimama pembeni akijipepea. Alikuwa ameuweka chumba cha wageni, chini ya kiyoyozi, ili wanaokuja kumwomba msaada wajue wamefika kwa mtu mkubwa. Sasa maonyesho ya miti ya vuli yalikuwa mlangoni, na kadi ya kuwekwa kando ya mti, yenye jina la babu yake aliyemwachia, ilishachapishwa.

Sumie aliingia shamba hili la bonsai, miti inayodumazwa vyunguni, hapa Kinashi, akiwa bibi arusi wa mfanyakazi. Mumewe alipokufa akarithi kazi yake na koleo lake la kukatia matawi. Ameona mizizi iliyooza, ameona waya uliozama kwenye gome kama kamba shingoni mwa mbwa aliyesahauliwa. Hajazoea. Wala haoni aibu; wanaomtia shaka ni wale waliozoea.

Akauzungusha mti taratibu. Mbele, upande wa kutazamwa na wageni, sindano zote zilikuwa zimekauka na utitiri umetanda utando. Nyuma, kulikoelekea dirishani, palikuwa hai. Kwa hiyo, akasema, mbele ikatwe yote, mgongo uwe uso.

Nakatsuji hakutaka kusikia. Babu aliutazama upande huu, na picha zote zilipigwa upande huu. Matawi makavu yafungwe waya, yapuliziwe rangi ya kijani, yavumilie siku za maonyesho basi.

"Na hawa wadudu, Bwana?" Sumie akauliza. "Nao tuwapake?"

"We mama, hulipwi kwa mdomo. Nani ataona?"

Okubo, mwenye shamba, alicheka cheko la kubembeleza, akamwingiza mgeni ndani kunywa chai. Njiani akamkonyeza Sumie achukue kopo la rangi.

Akalichukua. Akawaza utitiri ukihamia upande ulio hai, chini ya rangi, huku watu wakisifia urithi wa babu. Akaliweka chini kopo, akashika koleo, akaanza na tawi kubwa la mbele, lile la kwenye picha. Likakatika kama biskuti. Msonobari hauchipui kwenye tawi lililokufa, na tawi likishakatwa halirudi.

Waliporudi, mti ulikuwa nusu, umewageuzia upande wasioujua.

"Huu si mti wa babu yangu," Nakatsuji akasema. "Kaeni nao. Sitaki kuuona kwangu."

Okubo aliinama karibu paji liguse magoti, akamvuta Sumie naye ainame. Akainama. Kiatu cha diwani kilikuwa kimelikanyaga tawi la babu yake, wala hakuwa na habari.

Gari lilipoondoka, Okubo alimwambia mwaka huu maonyesho asikanyage.

"Afadhali, bosi," akasema, akaanza kuusugua utando kwa mswaki.