Nguzo ya Tatu ya Baba Haule

Sikuondoka Lizaboni, mtaani kwangu Songea, kwa kupenda. Asteria, mdogo wangu, alinipigia simu akilia kutoka kijijini kwa mumewe, nje ya Madaba. Siku zake za kujifungua zilikuwa zimekaribia, na nesi alihisi mtoto amekingama tumboni. Daktari wa mjini Songea alitaka kuangalia mwenyewe tumbo likipimwa, moja kwa moja kupitia mtandao, amwelekeze nesi pa kuweka kipimo. Kila wakijaribu, picha inaganda. Na mtandao ule wa kijiji niliuchora mimi.

Mimi hufundisha kompyuta chuoni. Kiangazi kilichopita nilipiga hesabu hadi kichwa kikauma: habari zitoke Madaba hadi kwenye redio, kifaa cha kurushia mtandao, iliyo juu ya nguzo ya shule, kisha ziruke hadi nguzo ya zahanati. Nguzo mbili tu, na picha ingepita vizuri.

Kwenye basi la Njombe nilifungua kompyuta mapajani, nikazirudia hesabu zile. Redio hizi hutumia anga moja. Moja ikisema, jirani zake husubiri zamu. Niliongeza mvua, nikaongeza mahindi marefu, jibu likabaki lile lile: picha inapita. Abiria wa kando yangu akaniuliza kama ni mavuno ninayohesabu. Sikuwa na moyo wa kutaniwa.

Madaba nilishuka katika manyunyu, nikachukua bodaboda. Tulisukuma pikipiki zaidi ya kuipanda. Nikaelewa kwa nini Asteria alilia: kumpitisha mjamzito katika utelezi ule, bila kujua kama kuna haja, ni kumtafutia balaa.

Tulipoipita shule, niliiona. Katika ua wa Baba Haule, baba mkwe wa Asteria, ilisimama nguzo ya mkaratusi, ndefu kuliko ya shule, na redio kileleni. Kwenye mchoro wangu haikuwepo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeiona?" Alikuwa anatabasamu. "Mti wangu mwenyewe. Nikamwambia fundi wenu aliyefunga mtandao aweke ile redio iliyobaki. Gunia likiwa zito, si unaongeza wabebaji?"

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Redio hupenda jirani mwenye sauti kubwa. Ile ya zahanati iliacha kusema na shule, ikawa inapitia kwa mzee aliye karibu. Kila picha sasa ilisemwa mara moja zaidi katika anga lile lile, na nafasi ikaisha.

Lakini nani amwambie mkwe azime kitu chake? Fundi alishindwa hata kumkatalia. Nikapiga goti.

"Baba, naomba tuizime."

Tabasamu likapotea. "Niliisimamisha kwa ajili ya mkamwana wangu. Leo niizime?"

"Ndiyo, baba. Habari ikipita midomo mingi chumba kimoja, mmoja akisema wengine wananyamaza. Midomo ikipungua, inafika upesi."

"Na picha isipokuja?"

"Nitaiwasha mwenyewe, kisha nipande juu niipake rangi."

Akaguna, kicheko kikamtoka. Akaingia ndani, akachomoa waya kwa mkono wake.

Kule zahanati, Asteria akiwa amelala kitandani, picha ilitetemeka kidogo, kisha ikatulia. Nesi alisogeza kipimo, sauti ya daktari ikaja safi: "Shusha kidogo... hapo hapo. Kichwa kiko chini. Ameshageuka huyu. Ajifungulie hapo kwenu, msimhangaishe."

Asteria alifumba macho, akashusha pumzi. Baba Haule, aliyekuwa akizunguka nje, alipoambiwa alikaa chini kwenye majani mabichi, kofia mkononi. Mimi nilikwenda nyuma ya jengo nikalia kwa raha, wala sioni aibu kusema.

Asubuhi ya kurudi, Baba Haule alinifungia maharage. "Sasa hii nguzo niing'oe?"

"Iache tu, baba. Mti hauna kosa."

Nilichojifunza ni hiki: nilihesabu redio, umbali na anga, sikumhesabu babu anayemngoja mjukuu. Siku hizi nikichora mtandao wa kijiji, nauliza kwanza nani ana mti mrefu, na anampenda nani.

Baada ya wiki chache picha ya Asteria ilinifikia Lizaboni, bila kuganda. Nilitafuta sura ya mtoto, haimo. Imepigwa uani kwa Baba Haule: nguzo ya mkaratusi imefungwa kamba, na kamba yote imejaa nepi.