Mlango wa Vioo Usio na Mwenyeji

Tangu biashara iwe huria, hata sisi wa Sumbawanga tunakwenda Lusaka kutembea. Safari hii nilipanda basi na familia ya wakulima wa Chala: baba, mama, binti yao mdogo na bibi. Wote walikuwa hawajawahi kuvuka mpaka. Asubuhi tukaongozana kulitazama duka kubwa la vioo.

Bibi alitangulia. Mlangoni akapiga magoti, kama tufanyavyo Wafipa kwenye nyumba ya watu, akapiga makofi taratibu. Vioo vikaachana vyenyewe.

"Bibi kaufungua," mjukuu akanong'ona.

"Ingia basi, mama," mwanawe akasema.

"Niingie vipi? Nani amenikaribisha?"

Watu wakawa wanatukwepa wakipita. Mwanawe akainama amwinue, bibi akakataa. Ndipo mlinzi wa pale, mzee mwenye mvi, akaweka rungu lake chini, akachuchumaa mbele yake na kumjibu kwa makofi yaleyale, taratibu vilevile.

Bibi akainuka, akaingia.

Mlango ule nimeupita mara nyingi katika safari zangu. Siku hiyo ndiyo nilikaribishwa.