Usiniite Madam

Wiki iliyopita nilimsindikiza jirani yangu wa hapa Al Baraha, Dubai, mama wa makamo kutoka Muheza, kwa wakili. Mwajiri wake ameikalia pasipoti yake, eti anamtunzia, na yeye anataka kurudi nyumbani kwa binti yake anayeumwa. Mimi nilikwenda kumtafsiria Kiingereza.

Wakili alikuwa mwanamke wa Kolombia. Alimkaribisha kiti, naye jirani akakaa ukingoni, mkoba mapajani.

"Ahsante, madam."

"Usiniite madam," wakili akasema.

"Sawa, madam."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu. Wakili aliweka kalamu chini.

"Mama yangu alifua nguo za watu ili nisome," alisema. "Kwetu wakili huitwa doktora, na ndivyo mama alivyowaita matajiri wake. Siku niliyoapishwa aliitazama suti yangu, akasema, 'Hongera, doktora.' Nikadhani ananitania. Hakuniita jina langu tena mpaka tulipomzika."

Nikatafsiri. Jirani yangu akanyoosha mkono juu ya meza, akamshika wakili kiganja.

"Pole, mwanangu."

Wakili akaniuliza maana ya neno la mwisho. Nilipomwambia, aliinama haraka akaanza kuandika barua ya kudai pasipoti. Karatasi ya kwanza ililowa, akachukua nyingine.

Tulipoaga, jirani yangu aliinamisha kichwa mlangoni.

"Ahsante sana, madam."

Wakili akanitazama mimi, kana kwamba nimekosea kutafsiri.