Tangi Juu ya Meza ya Kukatia

Mtaani kwetu kuna fundi cherehani tunamwita Mama Kipimo. Huyo hahangaiki na futi. Ukiingia mlangoni, kabla hujamaliza kumjulia hali, kiuno chako anacho tayari kichwani, na nguo itakukaa.

Mumewe alikuwa dereva wa lori. Kiharusi kilimlaza upande mmoja, kisha kikamkata hamu ya kila kitu. Chakula mpaka abembelezwe; ukimsemesha, anageukia ukutani. Ndipo binti yao akamletea samaki wawili wa dhahabu, wale wa mapambo, matumbo mviringo kama machungwa, mikia inapepea kama shela. Mzee akageuka. Akawatazama kutwa nzima, na jioni akamwambia mkewe kwa ulimi wake mzito, "Huyu mnene ni kaka yako mtupu."

Mama Kipimo alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa, tangi. Hapo, jamani, ndipo fundi wetu alipoteleza. Aliwapima samaki kwa jicho kama wateja, akaongeza nafasi kidogo kama unavyomwachia mtoto anayekua, akanunua bakuli la kioo. Liliwakaa sawasawa! Haikupita wiki maji yakawa kama uji, samaki wanatweta juu juu, midomo wazi. Mzee naye akaanza tena kusukuma sahani.

Mama Kipimo akakimbilia kwa muuza samaki.

"Mama, umewashonea gauni la kubana," yule akamwambia.

"Nimewaachia pa kugeukia!"

"Kugeuka si tatizo. Hawa vibonge wanakula sana na wanachafua sana, na maji hayohayo ndiyo wanayopumua. Wa kwanza mpe ndoo kubwa nne za maji, wa pili ongeza mbili. Na tangi liwe la kulala, si la kusimama, hewa ipate pa kuingilia."

Tangi la namna hiyo muuzaji alikuwa nalo, Mama Kipimo akalinunua. Kazi ilikuwa kulipatia pa kukaa. Maji mengi hivyo ni mzigo, na nyumba nzima ilikuwa na kitu kimoja tu cha kuubeba: meza ya kukatia vitambaa, iliyomlea binti yao mpaka akaolewa.

Tulipoitwa majirani kuisogeza karibu na kitanda, mzee akainua kichwa.

"Hapana. Hiyo meza ya kazi."

"Kazi itajitafutia pa kukaa."

"Utakatia wapi, mke wangu?"

 Mama Kipimo alikuwa anamimina tangini, taratibu asiwashtue samaki, maji aliyoyaacha yakae tangu jana yake ili dawa ya bomba itoke.

Samaki wakachangamka. Asubuhi iliyofuata nilipita kuchukua suruali yangu, nikamkuta ametandaza kitambaa cha mteja kitandani, juu ya miguu ya mumewe.

"Shika pindo hapa. Usilegeze."

"We mwanamke, mimi mgonjwa!"

"Mkono huu mzima. Usiku kucha unaninyang'anya shuka."

Akashika, lakini macho yalikuwa kwenye tangi. Mkasi ukaanza kwenda upande.

"Umelegeza!"

"Ngoja, wanakula." Akawatazama mpaka chembe ya mwisho ilipomezwa. Kisha akamgeukia mkewe, amenuna kabisa. "Na mimi je? Humu ndani wanaolishwa ni samaki tu?"

Mama Kipimo akaweka mkasi chini, akaenda jikoni upesi, na gauni la watu likabaki pale kitandani limekatwa nusu.